Nembo ya Taifa ilitoka wapi, na kwa nini mimi naiita nembo ya kijiji



Leo siandiki siasa. Nina deni la kulipa, na deni lenyewe nilikopeshwa na mama mmoja mtu mzima kijijini kwetu, Usukumani.

Nilikwenda huko kwa msiba. Siku tunamaliza matanga, mwenyekiti wa kijiji akaniita pembeni. Anajua nashinda kwenye kompyuta na nachorachora kidogo. Akaniambia, "Kijana, timu yetu inachapisha jezi, na pale barabarani tunataka kibao kipya cha ofisi. Tutengenezee nembo ya kijiji." Nikasema sawa, kazi ya dakika kumi hiyo.

Bwana wee! Mkutano uliitwa chini ya mkwaju, na dakika kumi zikawa saa tatu. Vijana wakataka simba. Dogo mmoja akataka mzinga kama ule wa Arsenal. Mzee mmoja akaona tunapoteza muda tu: "Si tuchukue ile iliyoko ukutani ofisini, bwana na bibi, halafu chini tuandike jina la kijiji?" Watu wakaanza kupiga makofi. Ndipo yule mama akasimama, akafunga khanga yake vizuri, akauliza: "Hiyo ya ukutani, nani hapa anajua inasema nini?"

Kimya. Macho yote yakaja kwangu, msomi. Nikaanza: mwenge... Mlima Kilimanjaro... Uhuru na Umoja... nikaishia hapo. Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, nenda kasome, kisha urudi utuambie." Mkutano ukaahirishwa.

Basi nimesoma. Na kwa kuwa najua wengi wenu mnaipita nembo hiyo kila siku kwenye pasipoti, kwenye noti na kwenye barua za serikali bila kuiangalia, naiweka hapa yote.

Ngao ilianzaje

Mtindo wa nembo yenye ngao katikati ulianza Ulaya karne ya 12. Wapiganaji wa farasi walivaa kofia za chuma zilizofunika uso, ukawa hujui nani rafiki nani adui. Wakachora alama kwenye ngao zao. Alama ikawa ya ukoo, baadaye ya mji, baadaye ya kijiji. Mpaka leo nchi kama Uswisi, Ujerumani na Finland, hata kijumuiya kidogo cha watu mia chache kinaweza kuwa na ngao yake: kinu, samaki, mti, daraja, chochote wanachojivunia. Hata ule mzinga wa Arsenal hauna uchawi. Timu ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London. Walichora kazi yao.

Lakini tusidanganyane kwamba wazo lenyewe ni la Wazungu peke yao. Wamaasai walikuwa na michoro kwenye ngao zao iliyomtambulisha mpiganaji anatoka kundi gani. Wahaya na Waganda wana miziro, mnyama au kitu ambacho ukoo hauli na ndicho kinachoutambulisha. Wafugaji wanaweka alama kwenye ng'ombe ili asipotee. Kitu kilekile: ukiona alama unajua huyu ni wa nani.

Kabla ya uhuru tulikuwa wanyama

Hapa ndipo mimi nilipoamka. Mwaka 1914 serikali ya Ujerumani ilipanga kuyapa makoloni yake nembo. Kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani walichora kichwa cha simba. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza mwaka huohuo, na nembo ile haikuwahi kutumika. Walipokuja Waingereza, alama ya Tanganyika ikawa kichwa cha twiga, kwenye bendera nyekundu yenye bendera ya Uingereza kwenye kona. Kenya ya kikoloni ilipewa simba mwekundu, Uganda korongo mwenye taji.

Ona sasa. Mtu wa mbali akiitazama nchi yetu anaona mbuga. Watu hawamo.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuja na nembo yake, na safari hii walioshika ngao ni watu wawili, mwanamume na mwanamke. Linganisha na majirani: ngao ya Kenya imeshikwa na simba wawili, ya Uganda imeshikwa na korongo na swala aina ya kobu. Siwasemi vibaya, ni nembo nzuri. Lakini kwa hizo nchi tatu, ni sisi tu tulioweka binadamu. Zambia nao walifanya hivyo mwaka 1964.

Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, 26 Aprili 1964, bendera iliyokuwa ndani ya ngao ilibadilishwa. Ile ya Tanganyika ya kijani, nyeusi na dhahabu ikatoka, ikaingia ya Jamhuri ya Muungano iliyoanza kutumika 30 Juni 1964. Kuna watu wanadhani nembo yote ilizaliwa na Muungano. Hapana, ni ya 1961, ikarekebishwa.

Isome kutoka juu kwenda chini

Kama una noti mfukoni itoe tusome pamoja.

Sehemu ya juu ya ngao ni ya dhahabu. Maana yake ni madini. Ndani yake kuna mwenge unaowaka: uhuru, mwanga na elimu. Mwenge huo una historia yake. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze nje ya mipaka na kuwapa watu matumaini. Usiku wa kuamkia uhuru, Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni pamoja na bendera mpya.

Chini ya mwenge ni bendera ya taifa. Kijani ni ardhi na mimea, bluu ni maji, nyeusi ni watu, dhahabu ni madini.

Chini ya bendera ni sehemu nyekundu. Wengi hudhani nyekundu ni damu. Kwa maelezo rasmi ni udongo wenye rutuba wa Afrika. Hapo kuna mkuki, wa kulinda uhuru, na shoka na jembe vilivyopishana, ambavyo ni zana wananchi wanazotumia kuijenga nchi. Msichanganye na jembe na nyundo: hiyo ni alama ya CCM, chama kilichozaliwa 5 Februari 1977. Kwenye Nembo ya Taifa hakuna nyundo.

Chini kabisa kuna mawimbi ya bluu na meupe: bahari, maziwa na fukwe zetu.

Ngao yenyewe ni ya mpiganaji, na imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Pembeni wapo bwana na bibi, na kila mmoja na pembe ya ndovu. Miguuni pa bwana kuna mkarafuu, miguuni pa bibi kuna mpamba. Maelezo rasmi yanasema mimea hiyo ni ishara ya ushirikiano. Na chini kwenye utepe: Uhuru na Umoja. Kwa Kiswahili, wadau. Si Kilatini kama nembo nyingi za Ulaya.

Sasa hesabu vitu vilivyomo: jembe, shoka, mkuki, ngao, pamba, karafuu, mlima, maji, mume na mke. Hakuna jengo, hakuna gari moshi, hakuna taji. Karibu kila kilichomo unaweza kukikuta kijijini. Ndiyo maana naiita nembo ya kijiji.

Kila kitu hapo kiliwahi kuwa mzigo

Kuanzia hapa ni usomaji wangu mwenyewe, msije mkasema ndiyo maelezo ya serikali.

Chukua pembe za ndovu. Karne ya 19 pembe zilisafiri kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo mabegani mwa watu. Wapo waliobeba kwa ujira, wengi wao Wanyamwezi, na wapo waliobeba wakiwa watumwa. Pembe ilikwenda Ulaya na Marekani, vikatengenezwa vibonye vya piano. Aliyeibeba hakujua hata piano inaliaje.

Chukua karafuu. Mashamba ya Unguja na Pemba ya enzi za masultani yalilimwa na watumwa waliotolewa bara. Utumwa ulikuja kuondolewa uhalali wake kisheria Zanzibar mwaka 1897.

Chukua pamba. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima mashamba ya pamba kwa malipo ya kiduchu au bila malipo. Julai 1905, kijiji cha Nandete kwenye milima ya Umatumbi, watu wakaingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza. Vilidumu mpaka 1907, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Haya, ndipo unapoelewa uzito wa kuviweka vitu hivyo kwenye nembo ya nchi huru. Mche uleule uliong'olewa kwa hasira Nandete umepandwa miguuni pa mwanamke aliyesimama wima. Pembe ileile iliyobebwa begani sasa imeshikwa na mtu asiyepigwa na mtu. Vitu havikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye navyo.

Kwetu Usukumani pamba ilikuwa na sura nyingine pia. Miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani na wanunuzi, wakaunda vyama vyao. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Ikawa na vinu vyake vya kuchambulia pamba, ikawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa Afrika. Kwa hiyo mtu akichora pamba mwaka 1961 akasema ni ushirikiano, hakuwa anaota.

Lakini nisiwauzie picha nzuri tu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na wengi wetu tumekua tukiwasikia wazazi wakilalamika bei ya pamba na malipo kuchelewa. Na pembe? Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, ila ujangili haukusikia. Tanzania ilikuwa na tembo 109,000 hivi mwaka 2009. Sensa ya 2014 ikakuta 43,000 hivi. Bwana na bibi bado wameshika pembe zao, na sisi nusura tubaki na za kwenye picha tu.

Nani aliichora?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu bila kuandika.

Mwaka 2017 vyombo vya habari vilimtoa mzee mmoja anayeitwa Francis Maige Kanyasu, wengi walimjua kwa jina la Ngosha. Kwa Kisukuma hilo ni neno la mwanamume. Alikuwa anaishi maisha ya shida Buguruni, Dar es Salaam, mgonjwa, na alisema yeye ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Nchi ikashtuka, akapelekwa hospitali. Mei mwaka huohuo akafariki, akiwa na umri wa miaka 80 na kitu.

Dai lake lilibishaniwa. Jina la msanii mwingine pia limewahi kutajwa, na wapo wanaosema kazi yenyewe ilipita kwenye mikono mingi. Mimi si hakimu wa jambo hilo. Ninachojua ni kwamba picha iliyoko kwenye kila ofisi ya umma ina mchoraji wake au wachoraji wake, na sisi tumebaki kubishana mmoja akiwa kitandani. Bendera tunaipigia saluti, wimbo tunasimama, ila mtu aliyekaa na penseli akafikiria kwamba kwenye ngao ya nchi kuwe na jembe, jina lake halimo vichwani mwetu.

Je, kijiji kinaweza kuitumia?

Yule mzee aliyetaka tuchukue ya ukutani tubadilishe maandishi, jibu ni hapana. Kuna Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10, na nembo hii huwezi kuitumia kwenye biashara au kuifanya yako bila kibali. Jezi ya timu ya kijiji yenye bwana na bibi ni kujitafutia matatizo.

Lakini kijiji si kitu kidogo kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa na hadhi ya mtu kisheria: inamiliki mali, inashtaki, inashtakiwa, na ina muhuri wake. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000. Vyote vina mihuri, na mihuri mingi ni duara lenye maandishi tu. Nafasi ya katikati iko wazi.

Nilivyorudi

Nilirudi wiki mbili baadaye na karatasi nilizochapisha mjini. Nikasoma yote niliyowaandikia hapa. Nilipofika kwenye Nandete na ile miche iliyong'olewa, watu hawakukohoa.

Kisha mzozo ukaanza, na ulikuwa mzozo mzuri. Hakuna tena aliyetaja simba. Swali likawa moja: pamba iingie au isiingie?

Mzee mmoja akasema haingii. "Nimelima pamba miaka 40. Nyumba yangu ni ya nyasi. Kitu kilichonila siwezi kukivaa kifuani." Vijana wakamshangilia, maana wengi wao wamekimbilia mpunga na dengu, au wamekwenda machimboni.

Yule mama akasubiri kelele zishe. Akasema, "Kaka yangu, umesema kweli. Lakini shule ile pale, matofali yake yalinunuliwa kwa pamba. Kila mkulima alikatwa senti kwenye kila kilo, na hakuna aliyekataa. Mimi nilikuwa nakatwa na mume wangu alikuwa nakatwa. Mkiitoa pamba, mtawaambia watoto shule ilijengwa na nani?"

Mzee akanyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Inaweza kuchorwa ikiwa kwenye mizani?" Nikasema inaweza. "Basi ichore kwenye mizani," akasema, "na mizani iwe sawasawa, upande wa mkulima usiwe juu. Hapo nitaivaa."

Ndivyo ilivyopita. Nembo ya kijiji chetu ni mkwaju tunaokutania, na chini yake mizani iliyonyooka, upande mmoja tumba la pamba, upande wa pili tofali. Ukiiona kwenye jezi unaweza kucheka. Mtu wa kwetu hacheki.

Kabla hatujafunga mkutano nikaomba jambo moja liingizwe kwenye muhtasari: jina la nani alitoa wazo la mizani, nani alitetea pamba, na nani alichora. Mtendaji akauliza kwa nini, hilo si jambo la kawaida. Nikamsimulia habari za mzee wa Buguruni. Akaandika majina yote matatu, akapiga muhuri.

Sasa ninyi. Muhuri wa kijiji au mtaa wenu una nini katikati? Na kama mngeambiwa mjaze ile nafasi leo, mngeweka kitu gani ambacho mzee wenu angekubali kukivaa kifuani? Semeni hapo chini, nasoma zote.